Kidonda kimepona lakini kidole hakikunjiki: je, nimechelewa?

"Daktari, mimi ni mpishi katika hoteli ya chakula huku Kariobangi. Wiki tano zilizopita glasi ilinipasukia mkononi nikiiosha, ikanikata kwenye shina la kidole cha pete, mkono wa kulia, upande wa kiganja. Kidonda kilikuwa kidogo, kama sentimita mbili. Kliniki ya karibu walinisafisha, wakanishona nyuzi nne, wakanidunga sindano ya pepopunda. Nyuzi zilitolewa na kidonda kikafunga vizuri. Shida ni kwamba ncha ya kidole haikunjiki kabisa. Kiungo cha katikati kinakunjika kiasi, lakini nikikaza ngumi kwa nguvu, ncha ndiyo kwanza inanyooka. Upande mmoja wa kidole, ule unaotazama kidole cha mwisho, umekufa ganzi. Niliporudi kliniki niliambiwa neva imelala, itaamka yenyewe, niwe nikifinya mpira. Mama mkwe anataka kidole kichuliwe kwa mafuta ya moto na kuvutwa. Jirani yangu ambaye ni nesi anasema kano ilikatika, nimeshachelewa, na hata nikipasuliwa kidole kitakuwa kigumu kuliko sasa. Nimsikilize nani?"

Pole sana, dada. Kwa jinsi ulivyoeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba glasi ilikata vitu viwili: kano moja kati ya mbili zinazokunja kidole hicho, na neva ya upande mmoja. Kwa hiyo jirani yako yuko sahihi kuhusu kano. Kuhusu kuchelewa, amesema nusu ya ukweli. Kuhusu ugumu baada ya upasuaji, hofu yake ina msingi na nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama upasuaji utakufaa au la.

Tuanze na hiyo neva "iliyolala". Shika mkono wako wa kulia chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja na kunjua vidole. Utahisi misuli ikicheza chini ya ngozi. Misuli mikubwa inayokunja vidole imekaa huko, na neva zinazoiamuru huingia huko huko, mbali na mahali ulipokatwa. Neva zinazopita kwenye kidole chenyewe, moja kila upande, hubeba hisia tu. Zikikatika, kidole hufa ganzi lakini hukunjika kama kawaida. Kwa hiyo ganzi yako inaelezwa na neva, ila kushindwa kukunja hakuelezwi nayo hata kidogo. Ni majeraha mawili tofauti yaliyosababishwa na kipande kimoja cha glasi, na kufinya mpira hakutibu lolote kati yao.

Sasa kano. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunja. Ya juu inafika kwenye mfupa wa kati wa kidole na kazi yake ni kukunja kiungo cha katikati. Ya ndani inapita chini yake, inapenya pale ambapo ya juu imejigawa mara mbili kama uma, kisha inaendelea hadi mfupa wa mwisho na kukunja ncha. Zote mbili zinapita ndani ya ala nyembamba iliyobana, kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake, na ala hiyo imeshikiliwa kwenye mfupa kwa mikanda midogo migumu ili kano isichomoke mbele kidole kinapokunjwa. Wewe umekatwa mahali ambapo kano hizo mbili zimesongamana ndani ya ala moja. Zamani wapasuaji wa mikono walipaogopa sana hapo, wakawa wanafunga ngozi tu na kuacha kano zilivyo, kwa kuwa kila walichokishona kiligandana na ala. Leo zinashonwa, lakini bado ndipo mahali pagumu kuliko pote mkononi.

Hata hiyo ncha inayonyooka unapokaza ngumi ina maelezo yake. Ndani ya kiganja, kwenye kano ya ndani, kumejishika msuli mwembamba ambao kazi yake mojawapo ni kunyoosha viungo vya kidole. Kano ikikatika mbele ya msuli huo, kisha ukaivuta kwa nguvu, mvuto haufiki kwenye ncha. Unauvuta huo msuli, na msuli unanyoosha kidole. Kwa hiyo kila unapofinya mpira kwa nguvu unaikaza kazi iliyo kinyume na unayoitaka. Acha mpira.

Huenda unajiuliza ilikuwaje kliniki wasione kano iliyokatika. Wakati glasi inapasuka, vidole vyako vilikuwa vimeizunguka, yaani vimekunjwa. Mezani kliniki ulinyoosha kidole ili ushonwe, na ukinyoosha, mwisho wa mbele wa kano husogea kuelekea ncha ukapita kidonda, huku ule wa nyuma ukivutwa na msuli kuelekea kiganjani. Anayechungulia kwenye tundu la sentimita mbili haoni chochote kilichokatika. Hii ndiyo sababu jeraha la glasi upande wa kiganja hupimwa kwa kuangalia kidole kinafanya nini, kabla ya kuchunguza kidonda kwa macho, na hisia hupimwa kabla ya dawa ya ganzi kudungwa.

Kuna vipimo viwili unavyoweza kujifanyia leo jioni. Laza mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama juu. Kwa mkono wa kushoto bana kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho vikae vimenyooka kabisa, migongo yake ikigusa meza. Sasa kunja kidole cha pete peke yake, polepole. Kano za ndani za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zinatoka kwenye msuli mmoja, hivyo ukiwabana majirani, ya kidole cha pete nayo imebanwa. Kitakachokunja kiungo cha katikati hapo ni kano ya juu tu. Kikikunjika vizuri, hadi karibu pembe mraba, kano hiyo iko hai. Kisha achia vidole vingine, shika mfupa wa kati wa kidole cha pete ili kiungo cha katikati kisisogee, ujaribu kukunja ncha. Isiposogea hata kidogo, kano ya ndani haifanyi kazi. Usishindane na kidole kwa nguvu, maana bado hatujui kama kano ya juu ilikatwa nusu, na iliyokatwa nusu inaweza kukatika yote kwa mvuto mmoja mkali.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kano inaweza kuwa nzima lakini imegandana na kovu, na ncha isisogee vilevile. Ultrasaundi ikifanywa na mtu aliyezoea mikono inaweza kuonyesha kama kano imekatika na mwisho wake umekwama wapi. Omba pia eksirei. Vipande vingi vya glasi huonekana kwenye eksirei, na si jambo la ajabu kipande kubaki ndani ya kidonda kilichofunga vizuri.

Je, umechelewa? Kano iliyokatika kabisa ndani ya ala haiungani yenyewe. Si lazima ishonwe usiku ule ule wa ajali. Ngozi ikisafishwa na kufungwa vizuri, kushona kano ndani ya siku chache, au hata ndani ya wiki mbili, bado kunaweza kuleta matokeo mazuri. Kuanzia wiki ya tatu mambo yanabadilika. Msuli huko mkononi unajifupisha na kukaza, mwisho wa kano unavimba na kulainika, na ala iliyo tupu inasinyaa na kuzibwa na kovu. Ukilazimisha miisho ikutane katika hali hiyo, kidole kinabaki kimekunjamana na hakinyooki. Tena kwa kuwa vidole vitatu vinashiriki msuli mmoja, kano ya kimoja ikifupishwa mno, majirani zake nao hawafungi ngumi sawasawa. Katika wiki ya tano, kushona moja kwa moja hakuwezekani kwa watu wengi. Lakini kano ya ndani imeshikiliwa na nyuzi fupi zenye mishipa ya damu, na zikiwa hazikukatika, mwisho wa kano haukimbilii mbali. Mpasuaji akikuta hali hiyo anaweza bado kuishona. Hajui hadi afungue. Ndiyo maana nasema uonwe wiki hii, si mwezi ujao, na ndiyo maana karatasi ya idhini utakayotia sahihi iwe imeeleza atafanya nini akikuta kano haifiki.

Tuseme haifiki. Uamuzi unategemea kipimo cha kwanza nilichokueleza.

Kama kano ya juu inafanya kazi vizuri, ushauri wangu ni usikimbilie kupandikizwa kano. Una kidole kinachokunjika kwenye shina na kiungo cha katikati. Kinachokosekana ni ncha. Watu wengi hurudi kwenye kazi za mikono na kidole cha namna hiyo. Kupitisha kano mpya katikati ya kano ya juu iliyo nzima, ndani ya ala iliyobana, kunaweza kuleta makovu yatakayoifunga hata ile inayokufanyia kazi sasa. Unaweza kuanza na kidole kinachokunjika kiasi ukaishia na kinachokunjika kidogo zaidi ya hapo. Hapa ndipo jirani yako aligusa ukweli. Ncha ikikusumbua baadaye kwa kulegea na kupinda nyuma unapobana kitu, upo upasuaji mdogo wa kuunganisha kiungo cha mwisho kwa waya au skrubu kikiwa kimekunjwa kidogo. Mfupa huchukua wiki sita hadi nane kushikana, na baada ya hapo ncha ni imara, haina maumivu, ila haikunjiki tena maisha yako yote. Na ile tabia ya kunyooka kinyume, ikikukera, hutibiwa kwa kukata kile kimsuli cha kiganjani, kazi fupi ya dawa ya ganzi.

Sitaki ulichukulie hili kirahisi, hata hivyo. Kidole cha pete na cha mwisho ndivyo vinavyobeba nguvu ya kushika: mpini wa panga, mwiko wa ugali, sikio la sufuria kubwa. Mpishi anaweza kuihisi tofauti kuliko mtu wa ofisini. Njia nzuri ni kujipa kama miezi mitatu ya kazi halisi na mazoezi, uone ni jambo gani hasa linakushinda, kisha uamue. Kupandikiza hakukimbii, hakuna dirisha la wiki mbili hapo.

Kama kano zote mbili hazifanyi kazi, hesabu ni nyingine, maana kidole kisichokunjika katikati kinazuia mkono mzima. Hapo ujenzi upya wa kano una maana, na mara nyingi hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza mpasuaji anaondoa makovu, anatengeneza upya mikanda ya ala, na kulaza kijiti laini cha silikoni mahali pa kano. Mwili unajenga ala mpya laini kukizunguka kijiti kwa takriban miezi mitatu. Katika hatua ya pili kijiti kinatolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kano ya mwili wako mwenyewe, mara nyingi ile nyembamba ya mbele ya kifundo cha mkono. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo: ikitokeza kamba katikati, unayo. Wapo watu wasio nayo na hawakupungukiwa na chochote, nao huchukuliwa kano ya mguuni. Ukijumlisha na mazoezi ya mwisho, safari hii ni zaidi ya nusu mwaka. Anayekuahidi kidole kipya kwa mwezi mmoja hakuelezi ukweli.

Neva isisahauliwe kwa sababu ya kano. Hiyo inaweza kushonwa hata sasa, au kuunganishwa kwa kipande cha neva kutoka kwingine pengo likiwa kubwa, na ingefaa ifanyike mapema. Neva iliyoshonwa huota takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo kutoka shina la kidole hadi ncha tarajia miezi mitatu hadi minne kabla ya kupata hisia ya maana, na haitakuwa kama ya zamani kabisa. Ukigonga kovu taratibu ukahisi kama shoti ya umeme kuelekea ncha, mwambie daktari. Kunaonyesha neva iliyojeruhiwa iko wapi.

Kwa hiyo kuhusu mafuta ya moto: hapana, na sababu kubwa ni hiyo ganzi. Nusu ya kidole chako haitakwambia kwamba inaungua. Jikoni tumia kitambaa kinene kila unapogusa sufuria, na kila jioni kagua ngozi ya upande huo kwa macho. Mama mkwe ana hoja moja nzuri lakini: kovu linapenda kuchuliwa. Tumia mafuta ya kawaida ya kujipaka, yasiyo moto, ukizungusha kidole gumba juu ya kovu kwa kubonyeza kiasi, dakika tano, mara tatu kwa siku. Kisha kwa mkono wa kushoto kunja kila kiungo cha kidole cha pete taratibu hadi mwisho wake, mara kumi, na urudie mara nne au tano kwa siku. Kidole kivutwe kunyooshwa kwa nguvu? La. Kazi hii ina thamani hata kama bado hujui utachagua nini, kwa sababu hakuna mpasuaji wa maana atakayepandikiza kano kwenye viungo vilivyokauka.

Sasa hofu ya ugumu. Kano hupona kwa kovu, na kovu halichagui. Linaunganisha miisho miwili ya kano na papo hapo linaigandisha kano kwenye ala. Kinachotenganisha matokeo mazuri na mabaya ni mwendo wa mapema: kano isogee milimita chache kila siku kovu likiwa bado laini, bila kukatika. Kano ikishonwa, unavikwa banzi la plastiki mgongoni mwa mkono linalozuia vidole kunyooka kupita kiasi, na mazoezi huanza siku ya tatu hadi ya tano, kila saa ukiwa macho: kwanza unakunja kidole kwa mkono mwingine, kisha unakikunja chenyewe kwa wepesi kabisa. Banzi hukaa takriban wiki sita. Hadi wiki ya kumi na mbili hakuna kukanda unga, hakuna kuinua sufuria wala mfuko wa soko. Wapo wanaokatikiwa tena wakati maumivu yameisha na mkono unaonekana mzima. Ukisikia mfyatuko na kidole kikaacha kukunjika ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kama baada ya miezi kadhaa kano imegandana, upo upasuaji wa kuiachanisha, nao pia hautasaidia bila mazoezi.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kupasuliwa, uliza nani atakutengenezea banzi, nani atasimamia mazoezi, na utamwona mara ngapi kwa wiki. Kama jibu ni "utapewa karatasi," tafuta kwingine. Mpasuaji hodari asiye na mtaalamu wa mazoezi ya mkono nyuma yake atakuachia kidole kigumu. Jiulize pia kama unaweza kukaa miezi mitatu nje ya jiko. Kama huwezi, sema wazi. Ni sababu halali ya kuchagua njia nyepesi.

Uliza vilevile kama wanafanya kwa dawa ya ganzi ya mkononi, iliyochanganywa na adrenalini, bila nusu kaputi na bila kufunga mkanda wa kuzuia damu. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba adrenalini huua kidole. Kwa kiwango kinachotumika leo imeonekana kuwa salama kwa watu wengi. Faida yake ni kwamba unakuwa macho, mpasuaji anakuomba ukunje kidole kabla hajafunga ngozi, na wote wawili mnaona kama mshono umeshika na unapita ndani ya ala bila kukwama.

Ukiwa Kariobangi, anzia Mama Lucy Kibaki au hospitali nyingine ya kaunti iliyo karibu, uombe barua ya rufaa kwenda kwa mpasuaji wa mikono. Nchini hapa wengi wao ni wa upasuaji wa plastiki au wa mifupa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara zote mbili. Nenda na karatasi za kliniki ya kwanza, tarehe ya ajali na picha ya eksirei. Ulizia dirisha la SHA, yaani bima ya afya ya taifa, mapema nini kinalipiwa na nini utajilipia, hasa banzi na vikao vya mazoezi, ambavyo watu husahau kuvipangia. Na kama uliumia ukiwa kazini umeajiriwa, una haki chini ya WIBA, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Madai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo mwajiri wako ajulishwe kwa maandishi sasa.

Jambo moja halingoji rufaa. Kidole kikivimba chote, kikakaa kimekunjika chenyewe, kikauma ukigusa upande wa kiganja kwa urefu wake, na kuuma zaidi ukijaribu kukinyoosha, huo ni usaha ndani ya ala. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu kabla ya kuonwa na mpasuaji.